Suruali Yangu na Mkamwana wa Uwanja wa Ndege

Leo nimeumbuka.

Gharama yote ni hii: pini nne za nepi, parachichi kumi na mbili, na heshima yangu kwa ukoo wa wakwe. Nimehesabu mara mbili. Mara zote mbili heshima haikuonekana.

Kwa wanakundi ambao hamkuniona sokoni siku hizi: nilifanyiwa upasuaji wa ngiri Dar es Salaam, nikarudi Tukuyu kujiuguza. Kesho asubuhi daktari wa Dar ananisubiri, kuna upande wa mshono haujamridhisha. Alisema nikichelewa ananilaza upya. Kupanda basi alinikataza kabisa. "Mzee, mshono huu na matuta ya barabarani havipatani." Ndipo mwanangu Ambakisye, anayeishi huko Dar, akaninunulia tiketi ya ndege. Tiketi yenyewe ukiikosa hakuna kurudishiwa. (Nilipiga simu kuomba wapunguze bei. Dada wa tiketi alicheka, akakata.)

Kulikuwa na matatizo mawili.

La kwanza, suruali. Nimepungua mpaka suruali zangu zinaniuliza mwenyewe kaenda wapi. Mkanda, nesi amekataza. Mama Ambakisye, mke wangu, akachukua pini nne kubwa za nepi akaibana suruali na shati, mbili mbele, mbili nyuma. Ndani akanishonea bukta pana isiyogusa mshono. Kitambaa? Kipande kilichobaki cha sare ya harusi ya Ambakisye. Kile kitenge cha njano chenye tausi, walichokichagua wakwe wenyewe na kutuomba tukitunze.

"Mama Ambakisye, hiki si cha heshima?"

"Baba Ambakisye, nani atakuvua suruali kwenye ndege?"

Nikaivaa. Hoja ilikuwa nzito.

La pili, mkamwana. Atupele, mke wa Ambakisye, kaajiriwa huku kwetu, mumewe akiwa Dar, kwenye uwanja huohuo nitakaopandia ndege, kitengo cha ukaguzi. Sasa ninyi walimu na manesi mliopangiwa kazi huku mkitokea mbali, nawaeleza taratibu. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiniona njiani, anaingia migombani mpaka nipite. Jina langu halitaji. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi wameshaachana nayo, lakini Atupele kalelewa na bibi yake kijijini Ikuti, naye anaishika yote bila kupunguza hata nusu. Tangu aolewe sijawahi kuuona uso wake kwa karibu. (Nilikuwa najisifia sana kwa hilo. Msinikumbushe.)

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi nilimuuliza Ambakisye, "Mkeo Jumanne yuko kazini?"

"Hapana, baba. Nimemuuliza."

"Muulize tena."

"Baba, nimemuuliza tena."

Leo ni Jumanne.

Nikafika uwanjani na mfuko wangu wa parachichi, maana siwezi kwenda kwa mwanangu mikono mitupu. Kwenye ukaguzi yupo kijana mrefu, mkuu wa zamu, mwenye Kiswahili cha pwani, na dada mmoja mnene kwenye kioo cha mashine. Nikamchungulia huyo dada kwa pembeni. Siye. Nikashukuru Mungu, nikapita langoni.

Piii!

"Mzee, una chuma?"

"Nina mshono."

"Mshono haupigi kelele, mzee. Rudi tena."

Nikarudi. Piii! Akanipitishia kidude chake kiunoni. Piii mbele, piii nyuma.

"Ni pini hizo, mwanangu. Za nepi."

Akaniangalia. Akaniangalia tena. "Zitoe, mzee. Weka kwenye trei."

"Zote? Tuseme nitoe mbili, mbili zibaki."

"Mzee, hapa si sokoni."

Nikazitoa. Kuanzia hapo suruali ikawa chini ya ulinzi wa mkono wangu wa kushoto. Trei ikapita kwenye mashine, parachichi zikapita, mimi nikapita langoni na lango likanyamaza. Nikasema moyoni, tumemaliza salama.

Ndipo dada wa kwenye kioo akainuka kwenda kunywa chai, na mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka wa kumpokea. Msichana mwembamba, sare imenyooka, anatembea huku akifunga kishikizo cha mkononi. Akainua macho.

Atupele! (Baadaye nimeambiwa alibadilishana zamu na mwenzake mgonjwa. Ugonjwa nao unachagua siku.)

Pale hakuna migomba. Mtoto akafanya lile linalowezekana: akajitupa chini ya meza ya mashine kama amepigwa radi.

Mkuu wa zamu aliona nini? Aliona mkaguzi wake, aliyefunzwa kutambua hatari, amemtazama mzee mmoja mkondefu anayeshikilia tumbo, halafu akapiga mbizi chini ya meza bila kusema neno.

"Chini! Wote chini!"

Jamani! Abiria wote wakalala. Bwana mmoja mwenye tumbo na suti alijirusha juu ya mfuko wangu. Parachichi zote kumi na mbili, zilizoiva vizuri, zikaishia kwenye tai yake. Mimi peke yangu nikabaki nimesimama, kwa sababu daktari kanikataza kuinama.

"Mzee, lala chini!"

"Siwezi, nina mshono!"

"Basi mikono juu!"

Nikainua wa kulia.

"Yote miwili!"

"Mwanangu, huu mmoja nauinua mpaka juu kabisa. Huu mwingine una kazi. Chukua huu mmoja tumalizane."

"YOTE MIWILI!"

Katika maisha yangu ya biashara sijawahi kukubali bei ya kwanza. Leo nilikubali.

Suruali ilishuka bila haraka. Ilipofika kwenye magoti ikasita kidogo, nikaipa matumaini. Ikaendelea. Tausi wa njano wakaingia ukumbini.

Mara sauti kutoka chini ya meza, nyembamba: "Mkuu, msimguse! Ninamfahamu!"

"Unamfahamu? Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Taja jina lake!"

"Siwezi kulitaja, mkuu. Siwezi kabisa."

"Amekutisha?"

"Ninamwogopa, lakini ni ule woga mzuri!"

Mkuu wa zamu akazidi kupauka. Nikaona kabisa napoteza ndege, napoteza daktari, nalazwa upya, na picha yangu inabandikwa ukutani na tausi wangu. Nikataka kujieleza, lakini mtu aliyevuliwa suruali maneno yake hayana uzito.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Lupepo, aliyekuwa amelala kifudifudi karibu na mguu wangu. Alikuwa anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kimemtoka.

"Ninyi watoto wa mbali! Huyo ni baba mkwe wake! Binti anajificha kwa heshima! Mimi wa kwangu nilimkimbia mpaka kwenye banda la nguruwe, nikakaa humo mpaka alipomaliza kula."

"Mzee, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Naomba mikono yangu."

Wakaanza kuinuka, wakijipangusa. Lakini suruali bado iko chini, nami siinami. Hakuna aliyejitolea. Mwishowe mkuu wa zamu mwenyewe akachuchumaa akaipandisha, uso ameugeuzia dirishani. Kutoka chini ya meza ukatokea mkono, mkono tu, ukaisukuma ile trei ya pini kuelekea kwake. Akanibana moja baada ya nyingine, kama mama.

Nikapita tena. Piii!

"Pita, mzee," akasema. "Nakuomba, pita tu."

Ndege nimeiwahi. Bwana wa parachichi amekaa kiti cha jirani yangu safari nzima, ananukia kachumbari.

Sasa nipo sebuleni kwa Ambakisye. Nilikuwa nimeshajituliza: mtoto alikuwa chini ya meza, kafumba macho, hakuona kitu, mwiko wetu uko salama. Muda si mrefu Ambakisye kanisomea ujumbe kutoka kwa mkewe:

"Mwambie baba pole sana. Mama yangu naye anauliza, ile ni sare yetu ya harusi?"

Kwa hiyo aliona! Na ameshamwambia mama yake!

Wazee wa kundini, naomba ushauri, na vijana msicheke. Kama ameitambua sare, basi alitazama. Aliyetazama ndiye aliyevunja mwiko, na kwa hesabu zangu nadai kuku wa faini. Mama Ambakisye anapinga kwa simu, anasema aliyevuliwa ndiye anayepeleka kuku kwa wakwe, tena wawili, mmoja wa mwiko na mwingine wa kile kitenge.

Mimi naanzia kuku mmoja, tugawane na wakwe nusu kwa nusu.