Dodoso Langu Lilivyoniumbua Maore

Wenzangu, hamjambo huko bwenini? Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suruali ilikuwa kiunoni!

Mnajua chuo kimenituma Same kufanya utafiti: wananchi wanaishije na uhaba wa bidhaa, na je, serikali ilegeze masharti ya biashara? Leo ilikuwa zamu ya kijiji cha Maore, kule tambarare, kwenye joto la kuivisha mayai. Nikashuka kwenye basi nimechomekea shati, mkoba begani. Msomi!

Mwenyekiti wa kijiji alishawakusanya kina mama barazani pa ofisi yake. Nikaanza na Mama Namkunda, mjane anayelima mpunga, umri wa bibi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa ushuru?"

"Hapana, mama. Mtafiti tu. Hata majina siandiki."

Hakuniamini. Nikauliza wanafulia nini. "Majani ya mpapai." Sukari je? "Tumesahau ladha yake." Nikafika swali nililolitunga mwenyewe (na nilikuwa nalionea fahari): "Umewahi kununua bidhaa za magendo?"

Akatazama milimani. "Magendo ndiyo nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza sana! Kwamba ni vitu vinavyovushwa mpaka kwa njia za panya. Kwamba mlanguzi anaua uchumi, na mnunuzi naye ana hatia. (Nani alinituma kuhubiri? Mtafiti huuliza, akanyamaza.)

Mama mmoja wa nyuma akanusanusa. "Mbona nasikia harufu ya sabuni?"

Asubuhi pale stendi ya Same nilikuwa nimejipatia mche wa sabuni ya ng'ambo ya mpaka, kutoka chini ya ndizi za mama mmoja.

"Ni karatasi za chuo," nikasema. (Karatasi!)

Ili kuhamisha mazungumzo, nikavuta dodoso jingine mkobani. Kumbe sabuni imelainika kwa joto, ikanata kwenye madodoso. Yakatoka yote, mche ukining'inia, kisha ukadondoka, pu! Mapajani mwa Mama Namkunda.

Akaugeuza. Akasoma maandishi taratibu, kwa sauti, hadi jina la nchi jirani.

"Mwanangu," akasema, "kwenye lile swali, wewe tukuandike ndiyo au hapana?"

Jamani! Kicheko kilichopigwa pale! Mwenyekiti alishikilia nguzo asianguke. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Namkunda akajifuta machozi. "Haya, kaa. Sasa tunaweza kuzungumza. Andika: hii kanga niliyovaa ilivuka mpaka."

Wakafunguka wote. Mafuta ya taa, viatu vya shule. Mmoja alikwenda kwa miguu hadi ng'ambo kumtafutia mwanawe dawa. Hapo hakuna aliyecheka. Niliandika mpaka kalamu ikakauka.

Mche wenyewe wakaukata kwa uzi, kila mama na kipande chake. Mimi sikuachiwa hata povu.

Tafadhalini, msinicheke. Na profesa akiuliza nilipataje majibu ya kweli namna hii, semeni nilitumia mbinu za kisayansi.