Ombi la Kupiga Marufuku Migongo, Ngazini na Ufukoni

Mjini Baraka, Jumatatu

Kwa Mheshimiwa Rekta
Chuo Kikuu cha Pwani ya Mutambala

Mheshimiwa Rekta,

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, ambayo nimeisikia ikisifiwa ingawa sijapata kuiona kwa kuwa iko etaji ya juu, mwisho wa ngazi, mimi Kulthumu Assumani, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, naleta malalamiko yangu kwa maandishi. Siyaleti kupinga marufuku ya kubebana iliyotolewa na Katibu Mkuu wa Masomo. Kinyume chake, nalalamika kwamba marufuku hiyo haijafika mbali vya kutosha.

Naomba kuyapanga mambo kwa utaratibu.

1. Uzinduzi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo chuo kilizindua Rezo ya Kusaidia Wanafunzi Wenye Ulemavu, yaani mtandao wetu wa misaada. Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa juu. Sisi tuliokusudiwa kusaidiwa tulibaki chini, mwanzo wa ngazi: mimi na baiskeli yangu ya matairi matatu, Jacques wa uhasibu na magongo yake, kwa kuwa ngazi zile hazina pa kushika na zimekwisha kumwangusha, na Florentine wa saikolojia, asiyeona, ambaye angeweza kupanda lakini alisema hotuba za namna hiyo husikika vizuri zaidi kwa mbali. Tulipiga makofi kila tuliposikia makofi. Ilipofika zamu ya picha, wageni wote walishuka mara moja, wakatuzunguka, wakatuwekea mikono mabegani, kisha wakapanda tena kwenye vinywaji. Siku hiyo nilijifunza kwamba safari ya kutoka juu hadi chini ni fupi sana kwa mtu anayehitaji picha.

2. Ushindani na Rezo rasmi. Nakiri kwamba palikuwapo tayari rezo nyingine, isiyo na jina wala fulana. Dieumerci na Vainqueur, wanafunzi wenzangu, asubuhi huwa ufukoni wakiwabeba wasafiri wanaovuka ziwa kutoka Ubwari, kuwatoa kwenye boti hadi mchangani, kisha huja darasani na suruali mbichi. Wao walitupandisha ngazi mimi na Jacques kama wanavyomtoa abiria majini: mgongo, mikono shingoni, twende. Jacques akawalipa kwa kuwafundisha hesabu. Mimi nikamsomea Florentine vitabu. Naye Florentine, ambaye husikia somo mara moja na kulihifadhi lote, akamrudishia Vainqueur masomo aliyoyakosa akiwa ziwani, pamoja na kikohozi cha mwalimu mahali pake. Mambo yalikwenda hivyo bila mkutano hata mmoja. Naelewa kabisa kwa nini yalihitaji kukomeshwa.

3. Marufuku. Katibu Mkuu alitukuta katikati ya ngazi, mimi nikiwa mgongoni mwa Vainqueur. Alisema, nami nanukuu: "Mamzeli, hapa haiko ku bandari. Hapa iko iniversite!" Vainqueur akamjibu, "Ndiyo, Papa, lakini acha kwanza nimufikishe, yuko muzito kuliko vile unaona." Kesho yake likatoka tangazo kwamba kubebana kunashusha heshima ya elimu ya juu, na kwamba mwenye shida aipeleke kwenye ofisi ya Rezo. Ofisi hiyo iko juu. Tangazo nalo lilibandikwa juu, kwa herufi ndogo, ili pasiwepo mhusika, awe asiyepanda au asiyeona, ambaye lingempita.

4. Ukumbi wa chini. Niliuliza kama mitihani yetu ingeweza kufanyiwa chini. Nilijibiwa kwamba chumba cha chini kimejaa viti vya magurudumu vilivyotolewa na wafadhili, vikiwa bado ndani ya nailoni, na kwamba haviwezi kuguswa kabla ya sherehe ya kuvikabidhi. Sherehe itafanyika juu.

5. Sasa nafika kwenye kiini. Kama kubebwa kunashusha heshima, kunaishusha popote pale. Sheria haibadiliki kwa kuwa chini kuna maji badala ya saruji. Na ufukoni Baraka, Mheshimiwa, hakuna anayewasili kutoka Ubwari ila mgongoni mwa mtu. Boti husimama kwenye maji ya mapajani, na wasafiri hushushwa mmoja mmoja: wafanyabiashara, mapadri, mashehe, walimu wetu. Mimi mwenyewe niliingia mji huu hivyo hivyo, katikati ya watu wazima wenye miguu mizuri waliobebwa kama mimi, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Ulemavu wangu nilikuja kuuanzia hapa chuoni.

Wewe pia tulikuona, mwezi wa pili, ukirudi kutoka mazishini: viatu mkononi, mkoba kichwani, na mkono uliobaki usoni mwa Dieumerci, ambaye pwani nzima ilimsikia akilia, "Papa Rekta, shika shingo, usishike macho! Sioni kwenye niko nakwenda!" Bamama wauza samaki wa ndagala walicheka hadi wakaketi chini. Hata hivyo, hakuna aliyekuuliza kama mtu asiyeweza kufika nchi kavu kwa miguu yake anafaa kuongoza chuo. Mimi nimeulizwa kama nafaa kusoma.

6. Na jambo hili haliishii ziwani. Gari ya chuo ilipozama kwenye matope karibu na Mboko, ilisukumwa na watu waliotoka katika mashamba yao ya muhogo, wewe ukiwa umeketi ndani na kioo umekifunga. Walimu wanaopanda milimani Minembwe hukaa nyuma ya pikipiki na, penye mteremko mkali, hushikwa mikono na yeyote anayepita. Yote hayo ni kubebwa. Suala la kila mmoja wetu kubebwa mgongoni na mama yake kwa kikwembe sitalifungua, kwa kuwa muda wa kulishtaki kisheria umekwisha kupita.

7. Alhamisi hii, saa nne asubuhi, natakiwa kutetea kazi yangu ya kumaliza masomo, katika ukumbi wa juu. Asiyefika mbele ya juri ya watahini huhesabiwa ameshindwa, naye hurudia mwaka. Mwaka mwingine sina; nyumbani waliuza wavu ili niwe na huu.

Kwa hiyo, kwa kuwa siombi upendeleo bali usawa, naomba marufuku ya Katibu Mkuu itumike pwani kuanzia kesho. Mwalimu yeyote asiyeweza kutoka kwenye boti hadi mchangani kwa miguu yake ahesabiwe kwamba hakuwasili. Akipenda, aipeleke shida yake kwenye ofisi ya Rezo. Njia ataoneshwa, ngazi ni zile zile.

Nikitumaini kwamba utaisoma barua hii ukiwa umesimama imara kwa miguu yako miwili, nakuachia salamu zangu. Msalimie Katibu Mkuu, wasalimie wajumbe wa Rezo mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na vile viti ndani ya nailoni navyo uvipe pole kwa joto.

Wako katika sheria,
Kulthumu Assumani

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha nilipoarifiwa kwamba mwenyekiti wa juri yangu, Profesa Bonaventure, atawasili Alhamisi hiyo hiyo kwa boti ya asubuhi kutoka Ubwari, na kwamba hajui kuogelea. Bila yeye hakuna juri. Naomba basi ombi langu lote lisitekelezwe, angalau hadi Ijumaa. Nimekwisha kuzungumza na Vainqueur: atambeba Profesa hadi mchangani, kisha atakuja kunibeba mimi hadi ukumbini. Anauliza ni katika safari ipi kati ya hizo mbili atakuwa amevunja kanuni ya chuo. Nimemshauri amuulize Profesa, wakiwa wamefika katikati ya maji.