Damu ya Nyang'au Haina Doa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimekuwa msomi! Judy, binti ya marehemu kaka yangu, ni muuguzi. Ameeleza kwamba siku hizi wataalamu wanahariri jeni. Wanatoa seli kwenye uboho wa mgonjwa wa selimundu, wanarekebisha maagizo ya jeni zake maabarani, wanazirudisha mwilini. Mtu aliyelia maumivu ya mifupa tangu utotoni anapumzika. Kumbe ni kupogoa tu! Nimepogoa chai hapa Boito miaka ishirini na sita. Judy akasema, "Anko, si hivyo." Vijana hawapendi kupitwa.

Jumatano, 6 Agosti
Kituo cha majani chai. Lori limechelewa, watu wamekalia vikapu. Nani asihubiri? Nimetangaza kwamba nahariri jeni. (Nitahariri. Karibuni.) Mama Marcella anataka nimtoe mwanawe uvivu. Chepchirchir anataka mkoromo wa mumewe utoke kabla ya Jumamosi.
Halafu Johana! Mwanawe Kiptum anamwoa Judy wetu. Koito, sherehe ya uchumba, ni Jumapili. Akasema kwa upole Kiptum amepimwa, anabeba jeni moja ya selimundu. Binti wenu je? Wakibeba wote wawili, wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa. Koito ingoje kwanza.
Ingoje! Nikasimama juu ya kikapu. Damu ya Nyang'au haina doa! Nipimwe mimi, shina la ukoo, kwa niaba ya majani yote!
Kikapu kilipasuka.

Ijumaa, 8 Agosti
Zahanati, na mashahidi wanne. Sikufumba macho. (Nilifumba moja.)
Majibu: nabeba jeni ya selimundu. MIMI!
Johana alisoma karatasi mara mbili, akavua kofia kama yuko matangani. Akasema, "Pole, mzee." Akaondoka.
Nikakimbia kwa Judy. Nikamwomba anihariri haraka, hata kesho. Akasema matibabu hayo ni ya wagonjwa, ni miezi hospitalini na dawa kali, bei yake shamba zima la chai. Tena kunihariri mimi hakubadilishi damu yake yeye.
Nimevunja ndoa ya mtoto wa marehemu kwa mdomo wangu.
Judy akacheka mpaka akakaa chini. Alipimwa Mei. Hana hiyo jeni. Kiptum anajua, ila baba yake hakumuuliza, kama mimi ambaye sikumuuliza Judy. Amempigia Johana simu hapo hapo.
Kuuliza! Mzee mzima!

Jumapili, 10 Agosti
Koito imefana! Mursik, maziwa yaliyoganda kibuyuni, imenywewa, Johana amenikumbatia. Halafu Judy akataja kwamba wanaobeba jeni moja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali.
Nikaomba kusema. Nimewaeleza wageni wote kwamba mimi nilihaririwa na Mungu mwenyewe, tumboni mwa mama, bila maabara. Johana hana, Kiptum alirithi kwa mamake. Maskini.
Wazee wawili wa upande wa Johana wamenifuata nyuma ya nyumba. Mmoja anataka nimhariri goti, mwingine upara. Nimewaambia waje Jumanne, wasile kitu.