Machozi Yangu kwa Shangazi wa Trevor

Jumatatu, 9 Februari

Kamanda Ngor katuita, mimi na Koplo Kiden. Wakubwa wamechoka kusikia jina la Trevor, bwana mkubwa wa bangi hapa Juba. Atakayemkamata anakuwa sajini. Mwingine anavuliwa cheo. Kiden akatabasamu. Atabasamu tu! Gari la doria halina petroli tangu Krismasi, lakini akili yangu mimi, Koplo Lako, haitumii petroli.

Jumanne, 10 Februari

Nimepata! Shangazi aliyemlea Trevor amefariki. Bika, yaani matanga, iko mtaa wa Mangateen, turubai limeshafungwa. Mtu anaweza kukwepa polisi mwaka mzima, lakini si matanga ya aliyemlea. Nitaingia kama mfiwa, pingu ndani ya soksi. Kiden sijamwambia kitu.

Jumatano, 11 Februari

Nimelia! Nilianza kwa kuigiza, nikamkumbuka bibi yangu, yakamwagika ya kweli. Wanawake wakauliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema alinilea Koboko, Uganda, tukiwa wakimbizi. Bahati gani! Kumbe kule alilea yatima wengi, na mmoja walipoteana naye. Wakaamini ndiye mimi. Vigelegele katikati ya msiba! Wakaniketisha mbele kabisa, nipokee pole za watu. Vyeo vinanifuata vyenyewe.

Ila jikoni kulikuwa na mwanamke anamenya vitunguu huku kanikodolea macho. Kiden! Mwizi wa mbinu za watu!

Alhamisi, 12 Februari

Trevor kaja. Peke yake, shati jeusi, macho mekundu. Akanikumbatia, akalia begani mwangu, akasema sasa ana ndugu. Pingu zilikuwa palepale mguuni. Lakini utainamaje na mtu amekung'ang'ania shingoni? Na kusema kweli, nilimwonea huruma kidogo.

Sijajinasua bado, Kiden huyo anatoka jikoni, kitambulisho mkono mmoja, kisu cha vitunguu mkono wa pili. Anikamatie mtu wangu? Achukue usajini wangu? Thubutu! Nikapaza sauti: "Hakuna mutu anakamata mutu kwa bika ya mama yangu!"

Wazee wakasimama. Wapishi wakaja na miiko. Kiden akazungukwa, akafundishwa adabu kuanzia enzi za mababu. Nilifurahi mno, mpaka nilipogeuka. Kiti cha Trevor kitupu, uzio wa mabati umelala chini.

Ijumaa, 13 Februari

Nimevuliwa cheo mbele ya kituo kizima. Nilieleza kwamba nilimzuia Kiden asiharibu mpango. Kamanda akauliza mpango upi. Wivu mtupu! Sasa nalinda zizi la ng'ombe wanaokamatwa wakizurura mjini. Iliniuma, naandika bila kuficha. Lakini Kiden naye usajini hakuupata, na hilo limenituliza.

Jumapili, 15 Februari

Trevor kaniletea salamu kupitia mama muuza chai. Ananiita kaka. Sala ya kufunga bika ni Jumamosi na atakuja, kwa sababu kaka yake yupo, na polisi hawatathubutu kuingia. Anakumbusha tu kwamba mtoto mkubwa ndiye anayeleta fahali wa kuchinja.

Nimetazama zizini. Kuna mmoja mweupe, mnene, mpole. Ni kielelezo cha kesi ya Jumatatu baada ya sala hiyo, lakini mahakama haitakosa ng'ombe mwingine. Nikimtia Trevor pingu hapo hapo kwenye sala, Kiden atajuta kuzaliwa! Nimeshapata kamba.