Marehemu Kwanza, Mwaka Baadaye

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kuwa chuo chetu cha ualimu hapa Mbinga sasa kina mtindo wake wa kuandika marejeo. Dunia inayo mingi: mmoja unataka mwaka kando ya jina, mwingine unajaza tanbihi chini ya ukurasa, wa tatu unawapa waandishi namba kama wagonjwa wa nje. Sisi tumeipiga chini yote.

Chanzo ni mwanachuo Emerensiana, aliyeandika tasnifu juu ya riwaya za kwanza za Kiingereza. Isipopita hahitimu, na shule ya msingi kule Lipingo ilishamwandalia darasa. Niliikagua mwenyewe, mimi Mwenyekiti wa Kamati ya Marejeo, nikaudhika kwelikweli. Wazee waliokufa karne tatu zilizopita amewataja kwa jina la ukoo tu, kavukavu!

"Binti, nyumbani babu yako aliyefariki mnamtajaje?"

"Marehemu babu, mwalimu."

"Na hawa Waingereza hawana wajukuu?"

Ndipo ukazaliwa Mtindo wa Mbinga. Kila jina la mwandishi litanguliwe na neno Marehemu, kisha kijiji chake, kisha mwaka. Riwaya moja ilisema tu imetungwa na bibi mmoja. Kamati ilikaa kutwa, ikamaliza maandazi, ikaazimia: Marehemu Bibi, ukoo unafuatiliwa.

Kila tasnifu pia sharti irejelee Mwongozo niliotunga mimi. Emerensiana akauliza kwa adabu, "Na jina lako, mwalimu, niliandikeje?"

"Kanuni haibagui mtu. Ukiikiuka, unarudia mwaka."

Hakuikiuka. Tasnifu ikapita, binti akateremka Lipingo kufundisha, nakala ikaenda makao makuu ya wizara. Huko wanasoma kwa makini: wakaniondoa kwenye utumishi kwa sababu ya kifo. Jumapili, nikiwa benchi la mbele kanisani, nikasikia naombewa pumziko la milele. Nikaitikia Amina kwa mazoea. Mchana akina mama wa jumuiya wakaingia uani na unga na kuni, wakanikuta nakula. Waliona aibu kidogo, wakapika hivyohivyo.

Iliniuma. Kesho yake nikaenda ofisini kwa karani wa chuo, Ottilia.

"Shikamoo, mwalimu. Pole na msiba."

"Msiba gani? Si unaniona?"

"Nakuona. Ila kukuona siyo chanzo, mwalimu. Lete barua ya mtu anayekufahamu, athibitishe uko hai. Na jina lake aliandike kwa Mtindo wa Mbinga, neno la kwanza lisisahaulike."

Nikarudi nyumbani mbio, nikamwekea mke wangu Asteria karatasi na kalamu mezani, nikamweleza utaratibu wa kujaza jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kalamu yangu.

"Mimi siandiki," alisema. "Nyumba hii marehemu mmoja anatosha."