Tela la Wikendi Nne

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MCHORO WA TELA LA KULALA WAWILI, UKURASA WA KUMI NA NNE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote unaoshirikiana nao katika kuvuruga nyumba za watu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha mbele chenye mashine mbili, kioo kirefu, na wateja wanaojua kwamba nguo itakuwa tayari siku niliyosema. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi pia nilijikuta namwita hivyo, sikumbuki tangu lini. Tumeoana miaka ishirini na sita. Watoto wetu watatu wanajitegemea. Wa mwisho, binti, alihama mwaka juzi na kuondoka na redio.

Tangu redio iondoke, nyumba yetu ilikuwa na amani kubwa. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari mezani, mimi nikishona chumba cha mbele, na ziliweza kupita siku nne hatujakosana kauli hata mara moja, kwa kuwa hatukuwa na kauli za kukosana. Hiyo ndiyo nyumba uliyoivamia, Ndugu Mhariri, kwa mchoro wa kitela chenye umbo la tone la chozi, kitanda ndani, jiko nyuma chini ya mfuniko, na maneno haya kwa wino mwekundu: JENGENI WENYEWE, WIKENDI NNE TU!

Mwalimu alinijia na jarida lako mkononi. Nilikuwa napinda gauni la bibi harusi, nimebana pini sita mdomoni. Akasema, "Mama, hebu tazama hiki. Tunaweza kwenda popote." Mtu mwenye pini sita mdomoni hawezi kujibu. Yeye akahesabu kwamba nimekubali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wikendi nne ni uongo. Tumejenga miezi kumi na moja. Mwalimu amepiga hesabu akapata wikendi arobaini na saba, na anasema kosa lako ni la asilimia elfu moja na sabini na tano. Wikendi ya kwanza yote iliishia kwenye swali la nani alale upande wa mlango.

2. Mchoro wako unaonyesha kitanda cha futi nne. Mwalimu hakuamini. Akasema tupime miili yetu kwanza, kila mmoja alale sakafuni sebuleni, mwenzake amzungushie chaki. Alinichora kwa chaki nyeupe ya shule, nami nikamchora kwa chaki yangu ya bluu ya kukatia nguo. Tulikuwa bado tunapiga vumbi magotini alipoingia jirani yetu muuguzi, amekuja kurudisha ngazi. Akaona maumbo mawili ya watu sakafuni. Akaiweka ngazi chini taratibu.

"Mama, nani kaanguka hapa?"

"Hajaanguka mtu, jirani. Tunajenga tela."

Alikwenda kwake, akarudi na kipimo cha presha, akatupima wote wawili.

Alipoondoka, Mwalimu alibaki akiyaangalia yale maumbo. Katikati yake palikuwa na nafasi ambayo angelala mtu wa tatu, tena mnene. Tulikuwa tumelala sakafuni vilevile tunavyolala kitandani kwetu, kila mtu ukingoni mwake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma jibu la hesabu, "Tukilala hivi, itabidi tujenge lori." Nilichukua tambara nikafuta umbo langu, nikalala upya, karibu zaidi, nikamwambia achore tena. Je, Ndugu Mhariri, mambo kama haya yalitajwa wapi katika orodha yako ya vifaa?

3. Ule mpindo wa juu. Mwalimu aliutafuta kwa kanuni yenye herufi nyingi kuliko namba, akajaza ubao wa darasani wakati wa mapumziko, kisha akakata plaiwudi ya kwanza. Fundi wa kuchomelea aliyetutengenezea fremu ya chuma, ambaye sote tunamwita Cheche, alikuja kuitazama. Aliizunguka mara mbili, miwani yake ya giza ameipandisha kwenye paji la uso. "Mwalimu," akasema, "hili si tone. Hili ni kiatu." Tangu siku hiyo mtaa mzima unauliza Kiatu kimefikia wapi.

Nilimwambia Mwalimu kwamba mpindo haukokotolewi, mpindo unakatwa. Bega la gauni halina kanuni. Akasema plaiwudi si kitambaa. Nikasema ni kweli, kitambaa nikikikosea nakishona tena. Tulibishana kuanzia mchana hadi wateja wawili wakaghairi kuingia. Hatimaye nikakata kiolezo cha karatasi kwa mkasi wangu mkubwa, mpindo mmoja, mkono haukusita. Kwa kuwa sikuwa na karatasi kubwa, niligundisha kwa uji wa unga matoleo thelathini na moja ya jarida lako, ambayo Mwalimu alikuwa ameyatunza tangu kabla ya mtoto wa kwanza. Alipotoka shule akaliona tone limetandazwa uani, zuri, limeenea. Alilizunguka akisoma vichwa vya habari. "Hata lile la pampu ya maji?" akauliza. Nikamwonyesha: lilikuwa pale kwenye pua. Akaenda kuchukua msumeno. Plaiwudi ya pili ilitoka sawa.

4. Mlango wako ulipimiwa mtu asiye na nyonga. Mimi hupima nyonga za watu kila siku na sijawahi kukutana na mtu huyo. Siku ya kujaribu, nilitanguliza kichwa, mabega yakapita, na hapo safari ikaishia. Nusu yangu ilikuwa ndani inatazama godoro, nusu ilikuwa uani inatazamwa na Cheche. Mwalimu akashika miguu yangu akavuta, kisha akazunguka akasukuma, kisha akakaa chini. Nikadhani amechoka. Kumbe anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho kwa miaka. Ni kile cha kukatika pumzi, cha zamani, alichokuwa nacho nilipomfahamu. Nikacheka na mimi, na kicheko kikanibana zaidi. Ilibidi Cheche akate ukingo wa mlango kwa msumeno mdogo, akiniomba kila mara nisitikisike. Nguo yangu iliharibika pindo. Nadai fidia ya pindo.

5. Katika mwezi wa saba tuligombana juu ya jiko la nyuma: mimi nilitaka rafu za vyombo, yeye alitaka sanduku la spana. Tukanuniana. Safari hii kununa kulikuwa na kelele, maana tulikuwa tunagonga misumari. Siku ya tatu nikakuta ubavuni mwa tela, kwa ndani, chini ya hesabu zake za penseli, ameandika: *Umekula?* Nikaandika chini yake: *Nimekula. Wewe je?* Kesho yake kulikuwa na jibu, na swali jingine. Tukaendelea hivyo wiki mbili, ukuta wa kushoto wote ukajaa. Siku nilipokwenda kumpelekea bibi harusi mwingine gauni lake, Mwalimu akaweka sponji ya kuzuia baridi, akapigilia ubao juu yake. Alikuwa ameandika neno la mwisho ambalo sikulisoma. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Ukitaka kulisoma, vunja ukuta." Mchoro wako hausemi lolote kuhusu mke aliyefungiwa barua zake ukutani.

6. Wifi yangu, dada yake mkubwa Mwalimu, alikuja kukagua. Akafungua mlango, akachungulia, akafunga. "Na wageni wanalala wapi?" Nikamweleza kwamba ni la watu wawili. "Kwa hiyo mmejenga nyumba mahususi ili nisije." Mwalimu akajaribu kumweleza kwa vipimo. Wifi akasema hajawahi kutukanwa kwa sentimita. Sasa ni wiki ya tano hatusemeshi, na sijaamua kama jambo hili niliweke kwenye malalamiko au kwenye shukrani.

7. Safari ya kwanza, saa mbili tu kutoka nyumbani, kwenye uwanja wa nyasi kando ya maji. Tulisimama kituo cha mafuta kujaza upepo. Tuliporudi kutoka dukani, watu wanane walikuwa wamepanga foleni nyuma ya tela. Walidhani tunauza aiskrimu. Mwalimu akainua mfuniko wa jiko kuwaonyesha kwamba hakuna kitu. Foleni ikaongezeka.

Tulipofika, mvua ikaanza, alasiri ile yote. Tukajifungia ndani, magoti yamegusana. Hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa kuliko yote: tela lako halina pa kukimbilia. Nyumbani, mazungumzo yakielekea pabaya, mtu anasema anaangalia kama bomba limefungwa. Ndani ya futi nne hakuna bomba. Mwalimu akaniambia kwamba tangu binti aondoke, amekuwa akijitolea kufundisha masomo ya ziada jioni, si kwa sababu shule iliomba, bali kwa sababu alikuwa anaogopa kurudi kwenye nyumba iliyo kimya vile.

Nikasema, "Nilidhani unapenda kimya."

"Nilidhani wewe ndiye unayekipenda. Nilikuwa sitaki kukusumbua."

Miaka miwili, Ndugu Mhariri! Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani hata pasipo na nguo, ili nyumba isikike. Nilimwambia hivyo. Akanishika mkono, mvua ikipiga bati juu yetu. Na bati hilo, kwa taarifa yako, linavuja upande wa kulia.

Kwa sababu hizo zote, nadai yafuatayo. Kwanza, uchape kwa wino uleule mwekundu kwamba wikendi nne ni arobaini na saba. Pili, mchoro wowote wa kitanda usichapwe tena kabla haujasainiwa na mke, mume na fundi cherehani mmoja. Tatu, kwa kuwa mchoro ni wako, na wageni waliokosa nafasi ni wako pia: wifi atafika kwako Ijumaa na mabegi mawili. Halali upande wa dirisha. Nne, utume watu waje kulichukua tela hili kabla ya mwisho wa mwezi, walipeleke mbali, ili mimi na mume wangu tupate tena amani yetu ya zamani.

Nisalimie mchoraji wako, na umwambie ajipime nyonga. Nisalimie anayeandika maneno mekundu, karani wa posta, na mkeo kama unaye na mnazungumza. Mwalimu anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi msomaji wako kwa kulazimishwa,

Fundi Cherehani, Mke wa Mwalimu

Tanbihi: Usitume mtu. Hatupo nyumbani. Shule zimefungwa wiki sita, nami nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mbele: FUNDI AMESAFIRI. Barua hii naitia posta njiani, na nimeambatanisha ada ya jarida ya mwaka mzima. Tangu asubuhi tunabishana garini na sauti zimeanza kukauka. Sasa nimesimamisha gari kando ya barabara. Mwalimu, ramani magotini, anasema tumepotea. Mimi nasema tumefika.