Vijiko vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Tangi la jengo limechafuka. Majirani wote wanaharisha. Mke wangu anachemsha maji tangu asubuhi. Ushamba! Nikamweleza: tia chumvi kwenye maji, pitisha umeme wa betri ya gari, unapata klorini, vijidudu kwisha habari yao. Shemeji, kaka yake, muuguzi, akacheka mpaka akapaliwa. Nimeapa mbele ya mama mkwe, anayekaa ghorofa ya chini, kwamba Jumatano atakunywa maji yangu. Shemeji atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Fundi umeme kaniambia nitumbukize majini vijiti vya kaboni, maana chuma kitaliwa na umeme. Nani kamuuliza? Nimeazima kimyakimya vijiko viwili vya chuma vya mama mkwe, vile vya harusi yake. Nikavifunga waya za betri, nikavitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Mapovu! Mimi si mtu wa mchezo.

Baada ya muda wa saa tatu: maji rangi ya chai. Kijiko kimoja kimebaki mpini; kingine nimekirudisha. Maji yamenifika shingoni, tena machafu.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kafika saa nne, Shemeji nyuma yake. Ningefanyaje? Nilishamimina maji yaliyochemshwa ya mke wangu kwenye jagi langu, na sufuria nikaijaza ya bomba ili mke wangu asigundue. Mama mkwe akanywa bilauri mbili, akasema mkwe wake ana kichwa. Tena mbele ya Shemeji! Raha iliyoje.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yetu anaharisha. Ana miaka minne tu. Kanywa maji ya kwenye sufuria. Mke wangu analia, anajilaumu, eti hakuyachemsha vya kutosha. Nami nimenyamaza. Sina haya! Shemeji hajabanduka kando ya kitanda cha mtoto, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Mama mkwe kauliza kijiko chake cha pili cha harusi kiko wapi. Nikajifanya sisikii.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoto kaomba uji. Mungu mkubwa! Nikashindwa kuvumilia, nikasema yote. Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga. Nikamkabidhi mama mkwe ule mpini. Akaufunga kwenye kitambaa, akasema alishawasifia majirani maji yangu, jengo zima. Shemeji hakucheka hata kidogo. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Jumapili, 9 Machi
Hakuna anayenisemesha. Nimestahili. Nimeona aibu siku tatu mfululizo, na nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona: vijiko vilikuwa vyembamba mno. Mama mkwe ana sinia la chuma, zito kweli. Kesho anakwenda sokoni.